Bwana, Umwokoe Nani?

Alhamisi, Machi 9, 1815

Mvua. Daftari hili nimelitoa kwenye kabati la shule, maana watoto wa Vaucorne hawatazijaza kurasa zote hizi hata waishi miaka mia. Naanza kuandika kwa sababu binti yangu Colombe anaolewa baada ya Pasaka, na nikibaki peke yangu nyumbani nitahitaji mtu wa kuzungumza naye.

Anaolewa na Lazare Gauthey. Huyu Lazare alikwenda Urusi na jeshi, zikaja habari kwamba amekufa, tukamsomea misa ya wafu, nami niliimba vizuri mno siku ile. Mwaka jana akatokea barabarani na vidole saba vya miguu, anauliza kama kuna supu. Binti yangu akampa supu, na tangu hapo mambo yakaenda mbio. Kusema kweli simpendi sana. Anacheka kabla ya kumaliza kusema jambo la kuchekesha. Lakini anajua kupuliza nyoka, lile tarumbeta kubwa la mbao lililojipinda, linalosindikiza nyimbo zetu kanisani, na mimi ndiye mwimbishaji wa kanisa. Kwa hiyo kila Jumapili naimba na nyoka wa mkwe wangu ananguruma sikioni.

Jioni meya wetu, Symphorien Bourdeau, fundi mapipa, aliingia bila kubisha hodi, amelowa.

"Mwalimu, Yule ametua pwani ya kusini!"

"Yule nani?"

"Yule."

Nikaketi. Hapa kwetu hatumtaji kwa jina. Ukisema Yule, hata ng'ombe wanajua ni Jenerali aliyejifanya Kaizari, akatutawala miaka kumi, na mwaka jana akafungiwa kisiwani na wafalme wa nchi nyingine. Kwetu wakamrudisha mfalme wa ukoo wa zamani, mnene, mwenye miguu mibovu.

"Ana watu wangapi?" nikauliza.

"Elfu moja."

"Na mfalme?"

"Laki mbili."

Tukacheka, tukanywa kidogo. Symphorien ni rafiki yangu wa kweli, mtu mkunjufu.

Jumapili, Machi 12

Tumeimba kwa ajili ya mfalme kama kawaida. Hapa ni lazima nieleze koo langu limepitia nini.

Nilipokuwa kijana, mwisho wa misa niliimba Domine, salvum fac regem, yaani Bwana, umwokoe mfalme. Mfalme akakatwa kichwa. Kanisa likafungwa, nikawa naimba ghalani, polepole. Likafunguliwa tena, tukaambiwa tuiombee jamhuri, na baada yake makonsuli watatu waliotawala pamoja, mmoja wao akiwa Yule. Punde wale wawili wakasahaulika. Halafu Yule akajivika taji, tukaambiwa tuimbe imperatorem, Kaizari. Neno hilo lina silabi tano, na wimbo una nafasi ya silabi mbili. Ilinichukua majira mawili ya baridi kulipenyeza. Mwaka jana regem ikarudi, silabi zake mbili. Mimi si mtu wa siasa, lakini kwa upande wa pumzi namuunga mkono mfalme.

Alhamisi, Machi 16

Amepita! Tulisimama kando ya barabara tangu asubuhi, kijiji kizima, hata vikongwe. Yalipita magari matatu ya farasi, mbio, matope hadi madirishani. Hakuna aliyejua yuko katika gari lipi. Dakika tano baadaye kila mtu alikuwa amemwona. Symphorien alimwona kwenye gari la kwanza, amevaa koti la kijivu. Mama Perronne alimwona kwenye la pili, amelala, mdomo wazi. Lazare, ambaye ameshawahi kumwona kwa macho yake kule vitani, alisema hakumwona.

"Ulikuwa unatazama wapi?" nikamuuliza.

"Nilikuwa namtazama Colombe, Baba mkwe. Yule nimeshamfuata hadi Urusi. Inatosha."

Ni jibu zuri, lakini alianza kucheka kabla ya kulimaliza.

Jumatano, Machi 22

Yule yuko Paris, katika kasri. Hakuna risasi hata moja iliyopigwa. Mfalme mnene ametoka usiku na viatu vya kitambaa miguuni, ndivyo wanavyosema. Wale laki mbili walikwenda kumkamata Yule, wakaishia kumpigia saluti. Symphorien amepandisha bendera ya rangi tatu, ambayo kumbe alikuwa ameificha ndani ya pipa. Inanuka siki.

Jumapili, Machi 26, Pasaka

Padri Edme amekataa. Padri wetu ni mzee mkavu. Wakati wa mapinduzi aliishi miaka mitatu juu ya dari ya zizi kwa sababu alikataa kula kiapo kimoja. Leo alisoma misa ya Pasaka bila wimbo wowote, kwa sauti ya chini, kama mtu anayesoma barua ya mwenzake. Mwisho Symphorien akakohoa kutoka kiti cha meya.

"Padri, na dua ya Kaizari?"

"Misa isiyoimbwa haina dua ya kuimbwa," Padri akasema, akaingia chumbani kwake.

Pasaka bila wimbo! Nimezungumza na ukuta mchana kutwa. Yule mzee ni jiwe, na jiwe lenyewe halina masikio.

Jumatano, Machi 29

Leo nina shida na sioni pa kutokea.

Asubuhi Symphorien alinisomea amri kutoka mjini. Askari wote waliorudi nyumbani waripoti tena jeshini. Wenye wake watasamehewa. Nikahesabu siku. Harusi ni Jumanne ijayo, askari wa farasi watapita wiki mbili baadaye. Nikashusha pumzi.

"Ila, Mwalimu," Symphorien akasema huku akitazama kucha zake, "ndoa ya serikali naifungisha mimi. Na mimi nataka kusikia imperatorem kanisani Jumapili. Mkuu wa wilaya ameniuliza. Nisipoisikia, Jumanne nitakuwa naumwa."

"Unaumwa nini?"

"Bado sijaamua."

Nikaenda kwa Padri. Alikuwa anapanda saladi.

"Ukiimba neno hilo kanisani kwangu," akasema bila kuinuka, "Jumanne utatafuta padri mwingine wa kumbariki binti yako. Nimemaliza."

Ndoa ya serikali peke yake Colombe haitaki, na ndoa ya kanisa haiwezi kutangulia ya serikali. Kwa hiyo nikiimba silabi tano, Colombe hana Padri. Nikiimba mbili, hana meya, na Lazare anarudi vitani na vile vidole vyake saba. Nilipomwambia Colombe, alikuwa anakanda unga. Hakulia. Alikanda kwa nguvu zaidi.

"Baba, mimi naolewa Jumanne. Neno tafuta wewe, maana wewe ndiye msomi."

Jumapili, Aprili 2

Naandika nusu kwa hofu na nusu kwa kicheko.

Jana Lazare alikuja na nyoka wake begani. "Baba mkwe, nina wazo. Ukifika kwenye lile neno, mimi napuliza. Lakini napuliza kweli, kama tulivyopuliza kule ng'ambo farasi wa adui walipokaribia. Wewe fungua mdomo tu. Meya atasikia anachotaka, na Padri atasikia anachotaka."

"Huo ni udanganyifu kanisani."

"Ni muziki, Baba mkwe."

Nilikesha nikitafuta wazo lingine. Sikulipata.

Padri alikubali misa ya kuimbwa, akanitupia jicho moja tu, lakini jicho hilo lilitosha. Symphorien alikaa mbele kabisa na mshipi wake wa umeya. Dua inaimbwa mara tatu. Mara ya kwanza nikaanza, Domine, salvum fac, na Lazare akapuliza. Mbwa walitoka nje. Mtoto wa Ravier aliziba masikio. Mimi nilifungua mdomo nikaimba sijui nini. Symphorien akatikisa kichwa, ameridhika. Padri hakugeuka.

Mara ya pili vivyo hivyo, vumbi likashuka kutoka darini.

Mara ya tatu nikaanza, Domine, salvum fac, nikapanua mdomo, na nyoka akatoa sauti kama ya ndama aliyekanyagwa, akanyamaza. Pumzi ya Lazare ilikuwa imekwisha, ile pumzi aliyoiacha nusu Urusi. Nikabaki mdomo wazi. Ulimi wangu ukaanza upande mmoja ukamalizia upande mwingine, na Vaucorne nzima ikasikia waziwazi, kwa sauti yangu nzuri kabisa:

"Imperegem!"

Hakuna kitu kama hicho duniani, wala kwa Kilatini wala kwa lugha nyingine. Nilimwona Mama Perronne akijifunika uso na aproni, mabega yanamtikisika. Halafu safu ya nyuma ikapasuka, na kicheko kikaja mbele benchi kwa benchi. Lazare aliinamisha kichwa ndani ya tarumbeta lake. Nikangoja radi.

Nje, kibarazani, Symphorien alikuwa wa kwanza kunifikia. "Nimesikia impere," akasema kwa sauti kubwa ili wote wamsikie. "Imetosha."

Padri Edme akatokea nyuma yake. "Mimi nimesikia gem," akasema, akashika njia ya kwenda kula. Naapa kwamba pembe ya mdomo wake ilisogea.

Jumanne, Aprili 4

Wameoana! Saa nne kwa meya, saa tano kanisani, na kuanzia saa sita mezani hadi sasa. Colombe alikuwa mzuri hata nikasahau kumwonea wivu mume wake. Lazare alicheza kwa vidole vyake saba vizuri kuliko wengine wenye kumi.

Jambo dogo la kuandika hapa. Mimi pia ni karani wa kijiji, kwa hiyo daftari la ndoa naliandika mimi. Juu ya ukurasa lazima uandike ndoa imefungwa kwa jina la mtawala gani. Nilipochovya kalamu, Symphorien alinishika mkono.

"Acha mstari huo mtupu kwanza, Mwalimu. Tungoje tuone. Nikisaini leo kwa jina la Kaizari, na mfalme akarudi..."

"Hata wewe hujasaini?"

"Nitasaini ukishajaza. Nani ataangalia?"

Nikaona ni busara. Nilitabasamu hata, nikijiona mjanja. Mstari mtupu haumkosei mtu.

Jumapili, Aprili 16

Imperegem. Hakuna aliyelalamika. Askari wa farasi walipita juzi, Symphorien akawaambia Lazare ana mke, wakanywa, wakaondoka.

Jumapili, Aprili 30

Imperegem. Mizabibu inachipua. Mkwe wangu amenipogolea shamba lote la shule bila kuombwa. Naanza kumzoea.

Ijumaa, Mei 12

Baridi ya watakatifu wa Mei, ile inayounguza mizabibu. Tumewasha majani mabichi mashambani kabla ya mapambazuko ili moshi ufunike machipukizi. Padri naye alikuja, kanzu ameifunga kiunoni kwa kamba, anabeba majani kama kibarua. Tumeokoa karibu yote. Nikamkaribisha kikombe, akakaa. Akaniuliza kama Colombe ana heri. Nikamwambia anayo, na huenda ana kitu kingine tumboni. Akasema, "Basi." Kwa Padri hiyo ni hotuba.

Jumanne, Mei 30

Wamemchukua.

Ilikuwa mchana, tunakula. Alikuja ofisa mpya kutoka mjini, kijana mwenye miwani, na askari wanne. Vita viko karibu mpakani, wafalme wote wamemgeukia Yule, na mji unataka watu. Aliita majina tisa, kisha akasema Gauthey, Lazare.

"Huyo ana mke," nikasema. "Ni binti yangu, huyu hapa."

"Nionyeshe."

Nikaenda kulileta daftari, natembea kwa majivuno. Nikalifungua mbele yake. Akasoma, akapangusa miwani, akasoma tena.

"Kwa jina la nani?" akauliza. "Hapa juu hapana kitu. Na chini hapana saini ya meya. Mzee, huu si ukurasa wa ndoa. Huu ni ukurasa wa hesabu ya shule."

Nikamtazama Symphorien. Alikuwa mlangoni, mweupe kama jibini.

"Mwambie!" nikamwambia. "Mwambie ulikuwapo!"

"Nilikuwapo," Symphorien akasema kwa sauti ndogo, "lakini kisheria, Mwalimu... kisheria sikusaini."

Lazare akainuka. Alifuta mdomo, akakunja kitambaa vizuri, akakiweka kando ya sahani. Akambusu Colombe. Kwangu akaja na kicheko chake kilekile cha mapema, na safari hii hakukuwa na neno lolote nyuma yake.

"Usijilaumu, Baba mkwe. Nyoka ni wa kanisa, mfunikeni asiingiwe na unyevu."

Wakaenda kumi, kwa miguu, mvua ikinyesha.

Ni kalamu yangu. Ni mkono wangu ulioacha ule mstari, na nilitabasamu. Nimeandika barua maelfu kwa ajili ya watu wa kijiji hiki, na siku ya binti yangu nikashindwa kuandika neno moja. Sijui nitamtazamaje Colombe usoni.

Alhamisi, Juni 1

Colombe hakunitukana. Alichukua daftari akaliweka kwapani, akaenda karakana ya mapipa, nami nyuma yake. Symphorien alikuwa anagonga pete ya chuma ya pipa.

"Saini."

"Mwanangu, ngoja kidogo, maana kwa jina la nani..."

"Kwa jina langu."

Akashusha nyundo. Colombe alimsimamia mpaka akasaini, kisha akaniletea mimi kalamu. Nikaandika juu, Kaizari, na tarehe, herufi kubwa. Ndoa sasa ni halali, na mume hayupo. Tangu leo sichezi karata na Symphorien.

Jumapili, Juni 11

Nimeimba bila nyoka. Imperegem ilisikika yote, na safari hii hakuna aliyecheka.

Alhamisi, Juni 15

Mizabibu imechanua. Harufu yake hadi darasani.

Jumapili, Juni 18

Mvua kubwa. Hakuna habari.

Jumatano, Juni 21

Hakuna habari.

Jumatatu, Juni 26

Habari zimekuja zote pamoja. Kulikuwa na vita vikubwa kaskazini, siku ile ile ya mvua. Yule ameshindwa. Amerudi Paris, amevua taji, safari hii kwa kweli. Siku mia na kitu tangu apite hapa na matope yake. Nilidhani nitafurahi, au nitasikitika. Nilitaka tu kujua kuhusu mtu mmoja, na gazeti halikumtaja.

Jumamosi, Julai 1

Nchi haina mtawala. Mfalme hajafika, Yule ameshaondoka. Nilikwenda kwa Padri kuuliza kesho niimbe nini.

"Mimi sijui," akasema. Sikuwahi kumsikia akisema neno hilo.

Symphorien nilimkuta amekaa juu ya pipa, bendera mbili magotini, moja nyeupe ya mfalme, moja ya rangi tatu ya Yule. "Imba utakavyoona mwenyewe, Mwalimu," akasema. "Mimi sina amri tena ya kumpa mtu." Alikuwa amekonda. Nikaketi naye kidogo.

Jumapili, Julai 2

Nilisimama mahali pangu. Domine, salvum fac, nikaanza, na nilipofika pale penye nafasi nikamwona Colombe katika benchi la tatu, mkono juu ya tumbo. Sikuwa nimepanga. Naapa.

"Lazarum," nikaimba.

Linaingia vizuri katika wimbo ule, kuliko Kaizari. Kisha kanisa likaitikia, wote, kama inavyopasa. Mama Perronne akasimama.

"Mwalimu, na mwanangu Bénigne!"

Nikaimba Benignum. Ravier akataja wake, Claude, nikaimba Claudium. Wa mjane wa kisimani anaitwa Vivant, jina ambalo Kilatini chake sikijui, nikaimba Vivantium na Padri hakunikosoa. Wote kumi niliwaimba mmoja mmoja. Symphorien aliitikia kila jina, machozi hadi kidevuni, na hana mtoto hata mmoja kule.

Alhamisi, Julai 6

Lazare yuko mlangoni. Anauliza kama kuna supu.

Ijumaa, Julai 7

Sasa naweza kuandika. Hakufika hata vitani. Walimpa ngoma, wakamtembeza siku kumi na nane kwenda mbele na siku kumi kurudi nyuma, kisha ofisa mwenye miwani akapotea na kila mtu akashika njia yake. Colombe alimpiga kwa upawa, halafu akamng'ang'ania hadi supu ikaungua. Mimi nilimwomba msamaha kwa ule mstari. Akacheka kabla sijamaliza. Ni mtu wa ajabu, na nampenda sana, na sasa nimeandika ili nisije nikakataa.

Wengine saba wamerudi pamoja naye. Bénigne na Claude walipelekwa kikosi kingine, kaskazini.

Jumapili, Julai 9

Mfalme mnene amerudi Paris. Amri ilifika jana, imepigwa muhuri: regem, makanisa yote. Symphorien amepandisha bendera nyeupe. Padri Edme, aliyelala miaka mitatu juu ya ng'ombe kwa ajili ya neno hili, alivaa joho lake zuri kuliko yote.

Nikaimba. Regem, silabi mbili, mara tatu, safi, pumzi ikabaki. Watu waliitikia vizuri. Imekwisha, nikafunga kitabu.

Hakuna aliyekaa. Nikainua macho, nikawaona Mama Perronne na mzee Ravier wamesimama, wananitazama mimi, si altare. Na amri ilikuwa imesema dua ya mfalme, na baada yake kitu kingine kisiongezwe. Nikamtazama Padri. Alikuwa ametugeuzia mgongo, mikono yake miwili juu ya kitambaa cheupe.

"Bado wawili, Mwalimu," akasema, bila kugeuka.

Nikafungua kitabu, ingawa hakina majina hayo. Nikaimba Benignum. Nikaimba Claudium. Mama Perronne ndiye aliyeitikia wa kwanza, nasi wote tukamfuata.